Jinsi ya Kuonyesha Picha ya Zamani Kwenye Jumba la Sinema la Zamani (Bila Kurudisha Hela za Watu)

Maswali ni yaleyale kila siku. Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) ngapi? Naweza kudownload tu YouTube nikaonyesha? Mtaani kwetu kuna jumba la sinema limekaa tu na popo, nikiomba watanipa? Nimechoka kujibu mmojammoja, kwa hiyo naandika yote hapa na we ukiulizwa na mwenzio mtumie hii.

Naongelea jambo moja tu: usiku mmoja wa kuonyesha picha ya kale, iwe ya Raj Kapoor au ya Charlie Chaplin au yoyote ile, ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili ya sinema hata kama sa hivi linafanya kazi nyingine. Kibandaumiza kina mambo yake, tamasha kubwa lina mambo yake, hayo siyagusi. Majumba yenyewe bado yapo, ukizunguka Dar, Tanga, Moshi, Arusha na Mombasa utayaona, mengine ni kanisa, mengine ghala, mengine maduka. Zanzibar pale Vuga kuna Majestic, lilijengwa 1955 baada ya lile la kwanza kuungua 1954. Nairobi lililokuwa Shan kule Ngara ndo sa hivi Sarakasi Dome. Drive-in ya Dar, ile ya kuangalia picha ukiwa ndani ya gari, ndo usiulize, pale sa hivi ni ubalozi wa Marekani.

Kabla sijaanza nikwambie mapema, manake najua wengi mtaruka mpaka kwenye projekta: hela yako ikiwa ndogo iweke kwanza kwenye sauti, afu kwenye giza, projekta ije ya tatu. Mtu atavumilia picha iliyofifia kidogo, haswa picha ya 1951 ambayo hata yeye anajua ni ya zamani. Ila asiposikia maneno dakika ya kumi anatoa simu, dakika ya ishirini anaongea na jirani yake, hapo umeshampoteza yeye na jirani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujamwambia mtu tarehe

- Ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo, siyo ya mlinzi
- Faili au diski ya filamu, pamoja na jibu la nani ana haki zake
- Projekta (hesabu yake iko hatua ya 4)
- Laptopu yenye VLC na chaja yake, na kopi ya pili ya filamu kwenye flashi
- Spika mbili za kusimama zenye amplifaya ndani, stendi zake, mikseri ndogo
- Waya wa HDMI mfupi na waya wa sauti mrefu, ukigeuza hivi utajuta
- UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) moja kwa ajili ya projekta na laptopu, na jenereta kama umeme wa kwenu ni wa kubahatisha
- Kitambaa cheusi kingi, gundi ya kitambaa, tochi, ngazi
- Mitungi ya kuzimia moto, na mtu anayejua kuitumia
- Watu wa kukusaidia: mmoja mlangoni, mmoja kwenye mashine, mmoja wa kutembea ukumbini na kusikiliza

Hatua ya 1: Kagua jumba, mara mbili

Nenda mchana, kisha rudi usiku. Mchana unaangalia jengo, usiku unaangalia giza na kelele.

Mchana angalia paa (anga inaonekana wapi), viti vilivyovunjika, milango ya dharura inafunguka au imechomelewa. Ndiyo, mingi imechomelewa kwa kuogopa wezi, na kama milango miwili haifunguki kwenda nje we acha, tafuta pengine. Kwenye balkoni usipandishe mtu mpaka fundi wa majengo aikague, haijalishi inaonekana nzuri kiasi gani kwenye picha za Instagram. Nyaya za ukutani usiziamini kabisa, nyingine ni za enzi za wazazi wetu, bora uvute umeme wako kutoka kwenye mita kwa waya mnene ambao umeununua mwenyewe.

Popo nao. Watu wanacheka ila kinyesi cha popo ni vumbi baya, linaingia kwenye mapafu na kwenye kichujio cha projekta. Fagia siku kadhaa kabla, mwagia maji kwanza ili vumbi lisipae, vaa barakoa. Ukifagia siku ileile ya onyesho vumbi linabaki hewani na utaliona lote likicheza kwenye mwanga wa projekta.

Usiku kaa katikati ya ukumbi kimya kama robo saa. Utasikia vitu ambavyo mchana hukuvisikia: baa ya jirani, bodaboda, jenereta la duka, msikiti au kanisa liko wapi na spika zake zinaelekea wapi.

Hatua ya 2: Chagua picha, uliza mwenye haki

Hapa ndo swali la YouTube linapokufa. Kuwepo mtandaoni siyo ruhusa, na ile DVD uliyonunua imeruhusiwa kuangaliwa nyumbani tu.

Habari njema ni kwamba za kale kabisa nyingi zimeshamaliza muda wake. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 filamu inalindwa miaka 50, Kenya nao 50, India ni 60 kuanzia mwaka unaofuata ule iliotoka. Kwa hiyo Awaara ya 1951 au Mother India ya 1957, ambazo bibi na babu zetu waliziona mpaka wakakariri nyimbo, ulinzi wake India kwenyewe umeshapita. Za Marekani, zile zilizotoka kabla ya 1930 zimeshakuwa mali ya umma huko. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao COSOZA, kwa hiyo ukiwa Unguja au Pemba uliza huko.

Ila kuna mtego. Muda wa filamu yenyewe unaweza kuisha lakini toleo ulilonalo mkononi likawa na mwenyewe. Mfano mzuri ni The Kid ya Chaplin, ile ya 1921 ni ya umma Marekani, lakini mwaka 1971 Chaplin mwenyewe aliikata upya akaitungia muziki, na hilo toleo ni habari nyingine. Vilevile kopi zilizosafishwa majuzi, muziki mpya uliowekwa juu ya filamu bubu, hata subtaito, vyote vina jasho la mtu. Kama hujui kopi yako imetoka wapi iandikie barua pepe kampuni iliyoitoa, eleza jumba, idadi ya viti, bei ya kiingilio. Onyesho dogo la mtaa mara nyingi bei yake inazungumzika, ila anza mapema manake wanajibu polepole.

Ushauri wangu wa kuchagua: kwa mara ya kwanza usilete picha ya saa tatu. Najua unataka Awaara, kila mtu anataka Awaara. Anza na filamu bubu ya kuchekesha, Safety Last ya Harold Lloyd (1923, yule jamaa anayening'inia kwenye saa ya ghorofani) haifiki saa moja na nusu, haihitaji kutafsiriwa sana, watoto wanacheka, wazee wanacheka, na ukikosea sauti hakuna maongezi ya kupotea. Ukipata mpiga kodiani na mtu wa fidla wakapiga mbele ya skrini live, hapo tayari una kitu ambacho simu ya mtu haiwezi kumpa.

Hatua ya 3: Kibali

Usiruke. Bara ni Bodi ya Filamu, wanafanya kazi chini ya ile sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976, Zanzibar ni BASSFU, Kenya ni KFCB. Wanataka kujua filamu gani, inafaa umri gani, wapi na lini. Ada zinabadilika kwa hiyo uliza kwao, usimuulize mtu wa mtandaoni pamoja na mimi. Afu wataarifu serikali ya mtaa na polisi wa karibu, barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Hatua ya 4: Pima skrini kwanza, ndo uchague projekta

Wengi wanafanya kinyume. Skrini ya zamani kama bado ipo huwa imekuwa ya njano au imechanika. Ukuta uliopigwa rangi nyeupe isiyong'aa ni mzuri kuliko shuka, shuka linapitisha mwanga na linacheza upepo ukipita. Pindo lote zungushia kitambaa cheusi, upana wa kiganja na nusu hivi, hiyo peke yake inafanya picha ionekane imekaza hata kama projekta ni ileile.

Hesabu ya mwanga ni rahisi. Upana mara kimo kwa mita, afu zidisha kwa 150. Hiyo ndo lumeni zinazotakiwa zifike ukutani ili upate mwanga kama wa sinema ya kawaida. Skrini ya mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12, unahitaji lumeni 1,800. Ya mita 6 kwa 4.5 ni 27, unahitaji kama 4,050. Sasa ongeza nusu yake tena kwa sababu taa inazeeka na utataka kuiendesha kwenye hali ya chini ili feni isipige kelele. Kwa hiyo ile ndogo ni projekta ya 3,000 hivi, ile kubwa ni ya 6,000.

Lumeni hizo ni zile zilizoandikwa ANSI, yaani zimepimwa kwa kipimo rasmi. Vile viprojekta vya mtandaoni vilivyoandikwa 12,000 kwa bei ya simu ndogo ni uongo mtupu, ukikiwasha kwenye ukumbi utadhani mtu amesahau tochi.

Halafu kuna siri ambayo watu wa mitambo mipya hawapendi kuisikia. Filamu karibu zote za kabla ya 1953 zina umbo la karibu 4 kwa 3. Projekta mpya za 16 kwa 9 zikionyesha umbo hilo zinaacha giza pembeni na robo ya mwanga wako inapotea hapo. Ile projekta kuukuu ya ofisini, ya 1024 kwa 768, ambayo shule na maofisi wanaziweka stoo, umbo lake ni 4 kwa 3 kamili, kwa hiyo inatumia mwanga wote. Picha za kihindi zilikaa kwenye umbo hilo mpaka mwishoni mwa miaka ya 50, ile pana ya kwanza kule India ilikuwa ya 1959. Kwa hiyo kabla hujakodi kitu cha bei mbaya kaulize shule ya jirani.

Hatua ya 5: Projekta isiende kwenye chumba cha mashine

Kila anayeanza anataka kuiweka kule nyuma juu, kwenye yale matundu ya ukutani ambako mashine za zamani zilikaa. Inavutia, naelewa. Ila mashine zile zilikuwa na lenzi ndefu za kutupa mwanga mbali. Projekta yako ya ofisini ina uwiano wa 1.5 hivi, yaani kwa kila mita moja ya upana wa picha inataka kukaa mita moja na nusu nyuma. Skrini ya mita 4, projekta mita 6. Ukiipeleka chumba cha mashine mita 20 nyuma picha itakuwa na upana wa mita 13, inamwagika mpaka kwenye milango, na mwanga umekwisha.

Kwa hiyo iweke katikati ya viti, kwenye meza imara, safu hiyo na ya nyuma yake usiuze kiti kilichozibwa. Lenzi itazame skrini moja kwa moja, usitegemee kile kitufe cha kunyoosha picha ikipinda, kinakata picha na kuifanya ukungu. Kama inabidi iinuke weka kitu chini ya meza badala ya kuinamisha mashine.

Ukiingia chumba cha mashine na kukuta rili zimebaki, simama hapo. Filamu za kabla ya miaka ya 50 mwanzoni nyingi zilitengenezwa kwa nitrati, inashika moto vibaya na maji hayaizimi. Nyingine siyo nitrati lakini zinanuka siki, hizo zimeshaanza kuoza. Usizichomeke kwenye mashine yoyote, usivute sigara, ziache mahali pa baridi na uwasiliane na watu wa Nyaraka za Taifa. Na usizitupe jamani. Rili moja ya futi 2,000 ni dakika 22 hivi tu, picha ya saa tatu ilikuwa rili nane tisa, mashine mbili zikipokezana, na kuna wakati majumba mawili yalionyesha picha moja usiku mmoja huku kijana anakimbiza rili kwa baiskeli kutoka hili kwenda lile. Kwa hiyo ukiambiwa waya wako wa HDMI umekusumbua, kumbuka wenzio.

Hatua ya 6: Giza

Zima kila taa, subiri macho yazoee, tembea ukiziba. Matundu ya hewa, kioo juu ya mlango, taa ya barabarani inayopiga ukuta. Kitambaa cheusi kwa ndani, turubai kwa nje. Taa za njia ya kutokea ziache, weka za chini na za rangi ya machungwa, zisitazame skrini.

Kama jumba halina paa usianze kabla ya nusu saa baada ya jua kuzama. Kwetu pwani jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, kwa hiyo saa moja na nusu ndo mapema kabisa, na ukiwa sehemu yenye Waislamu wengi weka baada ya Isha, saa mbili, la sivyo nusu ya ukumbi itanyanyuka. Angalia mbalamwezi pia. Kama paa lipo na umeziba vizuri, Jumapili alasiri ni muda mtamu sana. Zamani hapo ndo palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, zanana, akina mama wa Unguja na Dar walikuwa wanajipamba kama wanaenda arusini. Mi ningekuwa na jumba ningeirudisha hiyo kesho.

Hatua ya 7: Sauti

Hapa nitakaa kidogo.

Jumba la zamani ni zege na dari refu, kwa hiyo adui yako ni mwangwi. Wala siyo uchache wa sauti, ukiongeza sauti unaongeza mwangwi na maneno yanazidi kuvurugika. Fanya hivi:

Spika zikae kushoto na kulia mwa skrini, juu ya stendi, ziinuke kupita vichwa vya waliokaa, afu ziiname kidogo kuelekea watu wa theluthi ya nyuma. Sauti inatakiwa ipige watu, isipige kuta wala dari. Nguo na miili ya watu inakunywa mwangwi, kwa hiyo ukumbi mtupu ukiwa na kelele kiasi usikate tamaa, ukijaa utatulia.

Filamu ya kale ni mono. Kwenye mikseri hakikisha spika zote mbili zinapata kitu kimoja, siyo maneno huku na ukimya kule. Punguza besi kabisa chini ya 100 Hz, hakuna kitu cha maana hapo kwenye filamu ya 1951 zaidi ya mvumo. Punguza kidogo kati ya 250 na 500, hapo ndo zege linaungurumia. Ongeza kidogo kati ya 2,000 na 4,000 ndo maneno yanatoka. Juu ya 8,000 ni mkwaruzo wa mkanda tu, shusha.

Jaribu kwa maongezi. Wimbo unadanganya, kila mtu anaujua wimbo kwa hiyo masikio yanajaza yenyewe. Tafuta eneo ambapo watu wawili wanaongea taratibu, hakimu na wakili, mama na mwanae, afu nenda kakae kiti cha mwisho kabisa pembeni ufumbe macho. Kama husikii silabi, shuka urekebishe.

Marufuku: Bluetooth. Inachelewesha sauti na mdomo wa steringi unafunga kabla neno halijafika. Tumia waya. Laptopu ikae karibu na projekta, HDMI iwe ya mita mbili tatu, ule waya mrefu wa kwenda mbele uwe wa sauti, wa XLR (ule wa maiki) kama unaweza. HDMI ikipita mita 10 inaanza kukatakata kwa hiari yake.

Hatua ya 8: Faili na subtaito

Faili liwe kwenye diski ya laptopu, siyo kwenye flashi na siyo kwenye mtandao. Faili la subtaito la .srt lipe jina lilelile la filamu, liweke folda moja, VLC italichukua yenyewe. Herufi ziwe UTF-8. Ukubwa wa maandishi ongeza kuliko unavyodhani, rangi ya njano yenye ukingo mweusi, manake nyeupe juu ya sari nyeupe haisomeki.

Subtaito za Kiswahili kwa picha hizi ni nadra, itabidi utafsiri mwenyewe. Ukiwa na muda fanya hivyo, mistari miwili tu kwa wakati mmoja. Kama hadhira yako haisomi haraka kuna njia ya pili ambayo mi naipenda zaidi, mtu wa kutafsiri live kwa maiki mtindo wa Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu kwa Kiswahili. Ila apate script kabla, aangalie picha yote, na ajue kunyamaza nyimbo zikianza. Watafsiri wanaoongea juu ya wimbo wamefukuza watu wengi kuliko mvua.

Zima arifa zote za laptopu, ondoka WhatsApp, zima kulala kwa skrini, zima masasisho. Hakuna anayetaka kusoma meseji ya mwenye nyumba wako kwa upana wa mita 4.

Hatua ya 9: Jaribio zima, usiku wa kabla

Filamu yote, kwenye ukumbi uleule, mitambo ileile, saa ileile. Dakika tano hazitoshi. Faili bovu linakatika dakika ya 97, projekta inachemka baada ya saa moja na nusu, baa ya jirani inafungulia muziki saa tatu. Hayo yote huwezi kuyajua kwa trela. Wakati inaendelea chomoa umeme makusudi uone UPS inashika au la.

Hatua ya 10: Usiku wenyewe

Tiketi ziwe na namba na ziwe chache kuliko viti, siku hizi walanguzi wa tiketi mlangoni wamekwisha lakini wanaosema "nimemfuata mke wangu ndani" bado wapo. Fungua mlango nusu saa kabla, piga nyimbo za enzi hiyo taratibu. Onyesha milango ya kutokea kwa mdomo, sekunde thelathini tu, usihutubie.

Intavali usiikate. Picha nyingi za kihindi zimejengwa kwa sehemu mbili, mapumziko yenyewe yameandikwa kwenye filamu, na hadithi inafungwa fundo hapo makusudi. Dakika 15, washa taa kidogokidogo. Hapo ndo bisi, kashata, karanga na soda zinauzwa, na kusema kweli hapo ndo hela ilipo, kiingilio kinalipa mitambo tu. Muuzaji asikae ndani ya ukumbi na mifuko ya nailoni.

Kama picha ni ndefu piga hesabu ya kurudi nyumbani. Kuanza saa mbili na picha ya saa tatu pamoja na intavali unatoka saa tano na nusu, daladala zimepungua. Ongea na bajaji wawili watatu wakae nje.

Mambo yakiharibika

*Watu wamekuwa wanene au wamerefuka.* Umbo limeharibika. Bonyeza A kwenye VLC mpaka urudi 4:3, afu angalia na menyu ya projekta, mara nyingi ndo inayotanua.

*Sauti na midomo haviendani.* J na K kwenye VLC. Subtaito zikiwahi au kuchelewa ni G na H.

*Skrini ya bluu, hakuna picha.* Windows na P kwa pamoja, chagua kurudufu. Bado? Chomoa HDMI, zima projekta, iwashe kwanza ndo laptopu ifuate.

*Mvumo wa mmm usioisha.* Laptopu na spika ziko kwenye soketi mbili tofauti. Zichomeke kwenye ekstensheni moja. Ukichomoa chaja ya laptopu mvumo ukafa, tumia betri mpaka intavali au tafuta kiboksi cha DI, kinachokaa kwenye waya wa sauti na kukata mvumo.

*Projekta imezimika yenyewe.* Imechemka. Usiiwashe hapohapo, iache feni izunguke, safisha kichujio, hakikisha hakuna kitambaa kimeziba matundu. Tangaza intavali ya mapema, watu watadhani ndo ratiba.

*Umeme umekatika.* UPS inakupa muda wa kuzima projekta kistaarabu ili taa isipasuke kwa joto. Jenereta iwe nje mbali na mlango kwa sababu ya moshi na kelele, ya kVA 2 inatosha projekta, laptopu na spika mbili, lakini iwashe na iache itulie kabla ya kuchomeka kitu. VLC inakumbuka ulipoishia, ila andika dakika kwenye karatasi kila baada ya muda.

*Subtaito zinatoa vibox na alama za ajabu.* Fungua .srt kwenye Notepad, hifadhi upya kama UTF-8.

*Picha inashtukashtuka kamera ikitembea.* Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, projekta iko 60. Kwenye mipangilio ya skrini ya laptopu weka 24 kama ipo. Haipo? Acha tu, hakuna atakayelalamika isipokuwa wewe.

*Nyuma hawasikii, mbele wanaziba masikio.* Usiongeze sauti. Inua spika juu zaidi na uziinamishe kuelekea nyuma, walio mbele watapitwa juu ya vichwa.

*Mvua na jumba halina paa.* Turubai la kufunika projekta na mikseri liwe limekunjwa chini ya meza tangu mwanzo. Zima, funika, subiri dakika ishirini. Isipokatika, piga muhuri tiketi zote mlangoni wakati watu wanatoka, zitumike tarehe nyingine, na anayetaka hela yake mpe hapohapo bila kubishana.